Walioulizwa Kabla ya Kutozwa

Tarehe 23 Januari 2018 wananchi wa Oregon, jimbo lililo katika pwani ya magharibi ya Marekani, waliulizwa swali ambalo sisi Wakenya hatujapata kuulizwa tangu tupate uhuru. Bunge la jimbo lao lilikuwa limepitisha tozo kwa hospitali na kwa kampuni za bima, ili fedha hizo zigharimie matibabu ya watu wa kipato cha chini. Je, tozo hizo zisimame au zianguke? Hawakuulizwa na mbunge katika mkutano wa hadhara, wala na chifu barazani. Waliulizwa kwa karatasi ya kura, kila mmoja nyumbani kwake, maana katika jimbo lile karatasi za kura hupelekwa kwa posta. Karibu asilimia 62 wakajibu ndiyo.

Wapo watakaosema Oregon ni mbali, na ya kwetu yanatutosha. Lakini tangu siku zile tulipoanza kudai mfumo wa vyama vingi, wakubwa wametukariria hoja moja: kwamba mambo ya fedha hayawezi kuachiwa mwananchi wa kawaida, kwani ukimwuliza kuhusu kodi atakataa, na hospitali zitafungwa. Hoja hiyo ilitolewa wakati wa chama kimoja, na ingali inatolewa chini ya Katiba ya 2010. Kura ya Oregon ni ushahidi dhidi yake, na inafaa tuuchunguze ushahidi huo pamoja na dosari zake, maana dosari zimo.

Kwanza tuondoe utata wa neno. Mkenya akisikia "ada ya hospitali" hukumbuka dirisha la malipo, foleni, na karani asiyeinua macho mpaka noti ipite chini ya kioo. Tuna sababu ya kukumbuka hivyo. Mpango wa kuchangia gharama ulianzishwa Desemba 1989, katika Bunge la chama kimoja, pasipo mtu kuulizwa. Mwaka 1990 ada ya wagonjwa wa nje ilisimamishwa, na mwaka 1992 ikarejeshwa kwa sura nyingine. Mwaka 2004 ada katika zahanati na vituo vya afya ikapunguzwa hadi shilingi 10 na 20, kisha Juni 2013 ikaondolewa. Hayo yote yalikuja na kuondoka kwa amri kutoka juu.

Nakumbuka mama mmoja wa ushirika wetu aliyejifungua salama, naye akakaa wodini wiki tatu zaidi kwa sababu hakuwa na fedha za kulipia. Mtoto alikuwa mzima, na mama alikuwa mzima. Tulimchangia baada ya ibada, sahani ikazunguka mara mbili, na mzee wa kanisa akaenda kumkomboa kama anayemtoa mtu rumande. Ndipo mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kumzuia mama hospitalini kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zake. Nasema haya ili ieleweke kwamba tozo ya Oregon haikuwa ya namna hiyo. Mgonjwa hakuombwa chochote dirishani. Aliyetozwa ni hospitali yenyewe.

Namna ilivyofanya kazi ni hivi. Marekani ina mpango wa matibabu kwa watu wa kipato cha chini uitwao Medicaid, ambao gharama yake hugawanywa kati ya serikali ya shirikisho mjini Washington na serikali ya kila jimbo. Kuanzia mwaka 2014 majimbo yaliruhusiwa kuupanua ili uwafikie watu wazima wengi zaidi, na Oregon ikawa miongoni mwa yaliyokubali. Baada ya upanuzi huo, takriban watu milioni moja, yaani mmoja kati ya kila wakazi wanne wa jimbo, walikuwa wakitibiwa chini ya mpango huo. Kwa miaka mitatu ya kwanza Washington ililipa gharama yote ya hao walioongezwa. Mwaka 2017 ililipa asilimia 95, mwaka 2018 asilimia 94, na ilijulikana tangu mwanzo kwamba ingefikia 90 mwaka 2020. Sehemu iliyobaki ilikuwa juu ya jimbo. Hesabu yake ni ya kutisha kidogo: jimbo likikosa dola 6, hukosa pia zile 94 ambazo zingekuja kutoka Washington.

Mwaka 2017 Bunge la Oregon likaamua kuitafuta sehemu yake kwa njia mbili. Hospitali nyingi za jimbo zitoe asilimia 0.7 ya mapato yao, yaani senti 70 katika kila dola 100, juu ya tozo waliyokuwa wakilipa hapo awali. Na kampuni za bima zitoe asilimia 1.5 ya malipo zinayokusanya. Katika jimbo hilo sheria ya kuongeza kodi huhitaji thuluthi... la, nisahihishe, huhitaji tatu kwa tano ya kura za wabunge, na katika baraza la wawakilishi ilipata kura 36 kati ya viti 60, kiwango cha chini kabisa kinachotosha. Gavana Kate Brown akaitia saini.

Msomaji atashangaa kusikia kwamba chama cha hospitali kilikuwa upande wa kutozwa. Ni nani aombaye kukatwa? Jibu ni kwamba fedha hizo hazikupotea. Hospitali ilitoa senti zake, jimbo likazitumia kuvuta mchango wa Washington, na kifurushi kilichokuwa kimenenepa kikarudi hospitalini kama malipo ya kuwatibu wale ambao vinginevyo wangeletwa mahututi bila bima. Nyingi za hospitali hizo zilianzishwa na makanisa. Masista wa Providence walifungua hospitali ya Mtakatifu Vincent mjini Portland mwaka 1875. Walijua gharama ya kumtibu mtu asiye na bima, kwa sababu walikuwa wakiilipa wao.

Wapo waitao jambo hili kiini macho, na sitasema wamekosea kabisa. Hospitali hutoa kwa mkono wa kulia na kupokea kwa wa kushoto, na mlipa kodi wa nchi nzima ndiye anayejaza pengo. Ndiyo maana mwaka 1991 Bunge la Marekani liliweka masharti: tozo za namna hii ziwaguse watoa huduma wote wa aina moja kwa kiwango kimoja, na mtozwaji asiahidiwe kurudishiwa alichotoa. Hata hivyo, karibu kila jimbo hutumia njia hii, liwe la Republican au la Democratic. Binafsi naona ni afadhali hila hii iliyoandikwa wazi katika sheria, na ambayo kila mtu anaweza kuihesabu, kuliko kumkomboa mzazi kwa sahani ya sadaka.

Sasa tufike kwenye kiini. Tangu mwaka 1902 katiba ya Oregon inawapa raia uwezo wa kuichukua sheria iliyopitishwa na Bunge lao na kuipeleka mbele ya wapiga kura kabla haijaanza kutumika. Wana siku 90 baada ya Bunge kufunga kikao. Wanahitaji saini za wapiga kura zilingane na asilimia 4 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi wa ugavana uliotangulia. Mwaka 2017 idadi hiyo ilikuwa saini 58,789. Wabunge wa Republican, wakiwemo Julie Parrish na Cedric Hayden, walioshindwa bungeni, hawakutupa viti wala kususia vikao. Walitoka nje na kalamu. Kufikia mapema Oktoba walikuwa wamekusanya saini zaidi ya mahitaji, na vifungu vya tozo walivyovipinga vikasimama vikingoja kura. Swali likaitwa Hoja Nambari 101.

Hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Walisema kampuni za bima zingeruhusiwa kuongeza hadi asilimia 1.5 katika malipo ya wateja wao, na hivyo mwalimu, mwenye duka dogo na mwanafunzi wa chuo wangebeba mzigo, ilhali makampuni makubwa kabisa, yanayojilipia bima ya wafanyakazi wao yenyewe, yasingeguswa. Hilo lilikuwa kweli. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inazizuia serikali za majimbo kuingilia mipango ya namna hiyo. Tajiri mkubwa akapita mlangoni, na mwenye duka akasimamishwa. Ningekuwa mpiga kura wa Oregon ningepiga ndiyo, lakini ningeipiga nikiwa na uchungu kwa jambo hili, na nisingemwita adui wa maskini yule aliyepiga hapana kwa sababu hiyo.

Tena, waliokuwa madarakani hawakucheza mchezo ulio safi kabisa. Bunge lilitunga sheria nyingine ya kuhamisha kura kutoka Novemba hadi Januari, na kuikabidhi kamati ya wabunge kazi ya kuandika maneno ya swali, kazi ambayo kwa kawaida ni ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Katika karatasi ya kura neno "kodi" halikutangulizwa. Palitumika neno lililo laini zaidi, tozo, nalo likapambwa kwa sifa ya "za muda". Hapo tuwe macho, sisi tuliopata kupigia kura ndizi na machungwa mwaka 2005. Anayeandika swali ameshika nusu ya jibu. Kambi ya ndiyo, ikiwa na hospitali na vyama vya wafanyakazi nyuma yake, ilikuwa pia na fedha nyingi kuliko wapinzani.

Na hayo maneno "za muda" yaliishia wapi? Mwaka 2019 Bunge lile lile liliendeleza utaratibu huo kwa miaka sita zaidi, na sehemu ya kampuni za bima ikapanda kutoka asilimia 1.5 hadi 2. Safari hiyo haukupelekwa kwa wapiga kura.

Basi kwa nini nasema kura ile ni ushahidi wetu? Kwa sababu ya kijitabu. Kabla ya uchaguzi kila nyumba Oregon hupokea kijitabu cha wapiga kura kinachochapishwa na serikali ya jimbo. Ndani yake mna maneno kamili ya sheria, maelezo yake kwa lugha nyepesi, makadirio ya fedha, kisha hoja za wanaounga mkono na za wanaopinga, zikiletwa na yeyote awezaye kulipa ada ya nafasi au kukusanya saini badala yake. Katika kijitabu cha Hoja 101 mwananchi aliweza kusoma kwamba kura ya hapana ingepunguza mapato ya jimbo kwa dola milioni 210 hadi 320, na kwamba fedha za Washington ambazo zingeweza kupotea zilikadiriwa kuwa milioni 630 hadi 960. Alijua nani anatozwa, kiasi gani, fedha zinakwenda wapi na nini kitatokea akikataa. Alijua pia, kwa kuwa magazeti yaliandika na wakaguzi wa hesabu walisema, kwamba idara ya afya ya jimbo ilikuwa imezembea kuhakiki wanaostahili kuwa katika mpango, na kwamba mkurugenzi wake alikuwa amejiuzulu mwaka 2017. Alijua mabaya na mazuri pamoja. Huyo mwananchi, ambaye wakubwa wa kila nchi hudai ni mchoyo na haelewi hesabu, akatia alama kwenye ndiyo.

Wala Oregon haikuwa peke yake. Novemba 2016 wapiga kura wa California waliidhinisha Hoja Nambari 52 kwa takriban asilimia 70, wakaifanya ya kudumu ada ambayo hospitali za jimbo lao zilikuwa zikilipa kwa madhumuni yale yale, na wakawafunga mikono wabunge wasiweze kuzielekeza fedha hizo kwingine bila idhini ya wananchi. Hapo pia pana la kutazamwa, kwani walioipeleka hoja hiyo kwenye kura walikuwa wenye hospitali wenyewe, na sheria iliyotungwa na mnufaika huwa na milango ambayo wengine hawaioni. Lakini sharti la fedha za wagonjwa kutoguswa naliona zuri, na ningependa kuliona kwetu.

Lipo tatizo ambalo hata sanduku la kura halikulitibu. Tarehe 4 Julai 2025 Rais wa Marekani alitia saini sheria ya shirikisho inayoyakataza majimbo kuanzisha tozo mpya za namna hii au kuziongeza zilizopo. Kwa majimbo yaliyopanua Medicaid, kikomo cha tozo kwa hospitali, ambacho kilikuwa asilimia 6 ya mapato, kimepangwa kushushwa kwa nusu asilimia kila mwaka kuanzia mwaka wa fedha wa 2028 mpaka kifikie 3.5 mwaka 2032. Wananchi wa jimbo waliamua, na mwenye ufunguo wa hazina kubwa akaamua vingine. Kaunti zetu, zilizokabidhiwa huduma za afya na Katiba huku zikingojea mgao kutoka Nairobi, zinaufahamu utegemezi wa aina hiyo.

Hapa nyumbani, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini Oktoba 2023. Ilileta makato ya asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, na kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi kwa asiyeajiriwa. Julai 2024 Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba, miongoni mwa sababu ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo; Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo, na Oktoba mwaka huo makato yakaanza. Hospitali za makanisa zimelalamika hadharani juu ya madeni ambayo hazijalipwa. Simpingi anayesema kwamba wenye nacho wachangie matibabu ya wasio nacho. Mkristo atapinga kwa maandiko gani? Ninachouliza ni kile kijitabu kilikuwa wapi. Ni nani aliyeletewa nyumbani kwake hesabu ya kinachokusanywa, kinakokwenda na kitakachokosekana akikataa? Ushirikishwaji tuliopewa ulikuwa wa mkutano wa asubuhi moja katika ukumbi wa kaunti, tangazo lake likiwa limetoka gazetini siku chache kabla, na anayesimama kusema akipewa dakika mbili. Juni 2024 vijana walipochoka na ushirikishwaji wa namna hiyo waliingia barabarani, na Mswada wa Fedha ukaondolewa tarehe 26 baada ya damu kumwagika. Oregon wapinzani wa tozo walihitaji kalamu na siku 90. Sisi tulihitaji maziko.

Katiba yetu inatupa haki ya kuliandikia Bunge malalamiko, na inaturuhusu kukusanya saini milioni moja ili kuirekebisha Katiba yenyewe, njia ambayo wakubwa walijaribu kuipanda wao mpaka Mahakama ya Juu ikawateremsha Machi 2022. Kwa sheria ya kawaida ya kodi hatuna kura ya maoni. Lakini kuna kifungu ambacho wengi wetu hatujakisoma. Kifungu cha 90 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinasema kwamba serikali ya kaunti yaweza kuandaa kura ya maoni kuhusu sheria za kaunti na masuala mengine ya mahali, iwapo pameletwa ombi lenye saini za asilimia 25 ya wapiga kura walioandikishwa. Tazameni masharti yake. Yaweza, wala si lazima. Tena asilimia 25 ya walioandikishwa, si 4 ya waliopiga kura. Kaunti yenye wapiga kura 800,000 ingehitaji saini 200,000, zaidi ya mara tatu ya zile zilizotosha jimbo zima la Oregon lenye watu wapatao milioni nne. Mlango umejengwa, na kitasa kimewekwa juu kuliko mkono wa mtu.

Kwa hiyo vikundi vyetu vya haki na amani vinaposomesha uraia mwaka huu, visianze na wagombea. Vianze na kifungu hicho. Wabunge na maseneta wanaokuja kuomba kusalimia waumini waulizwe, mbele ya waumini hao hao, kama watakubali neno "yaweza" liwe "italazimika", kama watashusha ile asilimia 25 ifikie mahali ambapo wanakijiji wenye kalamu wanaweza kuifikia, na kama watakubali haki hiyo ipandishwe hadi kwenye sheria za mapato za taifa, ikiwa pamoja na makato ya afya. Majibu yao yaandikwe, pamoja na tarehe, na nakala ibaki kwa katibu wa parokia.